Kinyago cheusi, picha nyeusi

*Nauza vinyago vya mpingo kwenye mnada wa mtandaoni. Nikivipiga picha kwa simu, vinatoka kama vipande vya mkaa. Ninunue kamera? — Msomaji, Newala*

Simu yako haina kosa. Tatizo ni mwanga. Mpingo uliong'arishwa hurudisha mwanga kama kioo, hivyo jua kali au flashi huacha doa jeupe huku mikunjo ikizama gizani. Kiweke kinyago barazani kivulini, mwanga ukitokea ubavuni, nyuma shuka la kijivu, kisha gusa kinyago kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo. Kama kina ufa, utasema utafukuza wateja. La, uonyeshe, na kitako pia: asiyeweza kukishika hununua kwa macho. Ila kama ni lipiko (barakoa ya Wamakonde) la kale, waulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kwani huenda liliibwa. Lipiko moja lililoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 lilirudishwa kutoka Uswisi mwaka 2010.