Jeki ya nyumbani

Swali: Nina Toyota Probox hapa Dranya, Koboko. Nataka kubadilisha breki mwenyewe. Ninunue jeki gani?

Jibu: Ya magurudumu, tani 2, kwani Probox tupu haifiki tani moja na nusu, na huinui gari zima kwa mara moja. Shida ni ua, ukiwa wa murram. Jeki hiyo lazima isogee kidogo kadiri mkono wake unavyopanda. Magurudumu yakizama, gari huvutwa upande. Tandika ubao mpana, mgumu. Stendi mbili nunua siku hiyohiyo, usiseme mwezi ujao: jeki huinua, stendi ndizo hushikilia. Dukani omba jeki ijaribiwe kwenye gari, iachwe juu dakika 10. Ikishuka au ikivuja oili, iache hapohapo, hata kama bei imepunguzwa.