Rangi za LED na Jicho: Namna ya Kusawazisha Mwangaza

Ingia duka lolote la vifaa vya elektroniki, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, uombe LED ndogo za milimita 5 zenye kichwa angavu: nyekundu, njano, kijani na bluu. Zifunge kwenye umeme wa volti 5 wa chaja ya simu. Nyekundu na njano zipe rizista ya omu 150, kijani na bluu omu 100, ili zote zipate mkondo wa karibu miliampea 20. Kwa hesabu za umeme, zimelingana. Zitazame sasa. Kijani inachoma macho, bluu imezungukwa na ukungu na huoni vizuri ukingo wake uko wapi, nyekundu imetulia.

Mafundi wengi wakiona hivyo hudhani wameuziwa LED mbovu. Mara nyingi LED ni nzima. Kinachopimwa na mita ni umeme, na jicho halipimi umeme. Hata nishati ya mwanga wenyewe jicho halipimi kwa usawa, maana kila rangi lina namna yake ya kuipokea. Jambo hili linamhusu anayetengeneza bango la duka, anayefunga taa za kuonyesha chaji kwenye betri ya sola, na hata mama anayetafuta taa ya kumwangalizia mtoto usiku.

Kipimo cha lumeni kilitungwa kwa ajili ya tofauti hii. Mwaka 1924 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, inayojulikana kwa herufi CIE, ilikubali mchoro unaoonyesha jicho la kawaida linavyoitikia kila rangi mchana. Kilele cha mchoro kipo kwenye nanomita 555, kijani inayoelekea njano. Wati moja ya mwanga wa rangi hiyo ni lumeni 683. Nasema wati ya mwanga wenyewe uliokwisha kutoka, si wati za umeme zilizoandikwa kwenye boksi la balbu. Wati hiyohiyo moja ikiwa kijani ya kawaida ya LED, nanomita 525, inakupa lumeni 540 hivi. Ikiwa nyekundu ya nanomita 630, lumeni 180. Ikiwa bluu ya nanomita 470, ni 62 tu. Kwa nishati ileile, basi, jicho linaiona kijani kuwa na nguvu mara 3 ya nyekundu na karibu mara 9 ya bluu.

Hata ndani ya rangi moja tofauti ni kubwa. Nyekundu ya nanomita 630 na ile iliyoiva zaidi ya 660, inayotumika kwenye taa za kukuzia mimea, ukizitaja kwa jina zote ni nyekundu. Ila ya 660 haifikii hata robo ya mwangaza wa mwenzake kwa nishati sawa. Anayenunua taa kwa kuambiwa "nyekundu" tu anaweza kurudi nyumbani na kitu kingine kabisa. Omba nanomita zake. Muuzaji makini anazo kwenye karatasi ya bidhaa.

Jicho lenyewe si chanzo pekee cha tofauti hizi, kwa sababu kila rangi ya LED hutengenezwa kwa madini yake, na mengine hugeuza umeme kuwa mwanga vizuri kuliko mengine. Ndiyo maana zile LED za kijani za zamani, zenye rangi inayoelekea njano, hung'aa kidogo sana ingawa zimekaa karibu na kilele cha jicho. Kijani za siku hizi zimetokana na kazi iliyozaa LED ya bluu, ambayo wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ukikuta mzunguko wa zamani wenye kijani ya namna ile ukaibadilisha kwa mpya bila kubadilisha rizista, mwenye kifaa atalalamika kuwa kinampofusha, naye atakuwa na haki.

Bluu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo rangi inayosumbua wengi. Ndani ya jicho zipo seli za aina tatu zinazotuwezesha kuona rangi. Zile zinazopokea bluu ni chache kuliko nyingine, na katikati kabisa ya retina, pale tunapotumia kusoma herufi ndogo, karibu hazipo. Tena lenzi ya jicho hupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu, hivyo picha yake huangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Matokeo yake ni ule ukungu unaouona kwenye maandishi ya bluu usiku, hasa ukiwa mbali. Kwa bango la duka la dawa linalotakiwa kusomeka ng'ambo ya barabara, usiandike jina kwa LED za bluu. Andika kwa nyeupe, njano au nyekundu, na bluu iweke kwenye fremu kama unaipenda.

Usiku mambo hugeuka. Mwanasayansi Jan Purkyně wa Bohemia, ambayo leo imo katika nchi ya Cheki, ndiye aliyeliona hili na kuliandika mwaka 1825: maua mekundu yanayowaka mchana, alfajiri huonekana meusi kuliko majani yake. Huhitaji maabara kulithibitisha. Simama karibu na mkrismasi uliochanua, jua likishazama. Kwanza shina na majani na maua vyote vipo. Giza likiongezeka kidogo, wekundu wa maua unazimika, unakuwa kama makaa yaliyopoa, na majani bado unayaona. Rangi haikuondoka kwenye ua. Jicho limebadilisha seli linazotumia. Gizani hufanya kazi seli nyingine, ambazo hazitofautishi rangi, na kilele chake ni nanomita 507. Kwa seli hizo, bluu ya 470 ina nguvu zaidi ya mara 200 ya nyekundu ya 630. Mchana nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiizidi bluu karibu mara 3.

Kwa hiyo kitaa kidogo cha bluu kwenye king'amuzi au inveta, ambacho mchana hukioni, usiku kinajaza chumba kizima. Kata kipande cha tepu nyeusi ya umeme ukifunike. Kifaa hakitadhurika, mradi usizibe matundu ya hewa wala mahali rimoti inapoelekezwa.

Seli hizo za usiku huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa nyeupe ya simu inaweza kuziharibia kazi hiyo mara moja. Mlinzi, mvuvi aliye kwenye mtumbwi, au mzazi anayeamka kunyonyesha atafaidika na taa nyekundu hafifu. Anasoma saa, anaona anapokanyaga, na akiizima bado giza linamruhusu kuona. Neno hafifu lina uzito hapa. Nyekundu kali nayo hupofusha.

Turudi kwenye zile LED nne. Wengi hujaribu kuzisawazisha kwa kupunguza mkondo hadi nusu, wakashangaa kwamba hawaoni tofauti yoyote ya maana. Jicho halifuati hesabu ya moja kwa moja: ili taa ndogo iliyo gizani ionekane imefifia nusu, inabidi mwanga wake ushuke chini sana ya nusu. Basi usipoteze muda kutoka omu 100 kwenda 150. Ruka hatua kubwa: 470, kisha 1,000, kisha 2,200, kisha 4,700. Kijani ya kisasa kwenye volti 5 bado inaonekana vizuri sana ikiwa na rizista ya omu 4,700, yaani mkondo wa nusu miliampea tu. Anayetumia betri ya sola anapata faida ya pili hapo, maana kitaa cha kuonyesha chaji hukesha kikinywa umeme.

Anza na ile inayoonekana hafifu kuliko zote, iache kama ilivyo, halafu shusha nyingine zifikie kiwango chake. Fanya kazi hiyo mahali na saa taa zitakapotumika. Ukisawazisha juani, usiku bluu itazizidi zote. Na usitegemee kipimo cha mita ya mwanga peke yake, kwa sababu rangi zilizokolea sana, kama nyekundu na bluu za LED, huonekana na nguvu kuliko lumeni zake zinavyosema.

Angalia pia ule mtego wa milikandela kwenye pakiti. Milikandela hupima ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. LED ya milikandela 10,000 yenye pembe ya nyuzi 15 inaweza kutoa mwanga kidogo kuliko ya 3,000 yenye pembe ya nyuzi 60, kwa kuwa ya kwanza imebanwa kwenye mstari mwembamba. Kwa kitaa kinachotazamwa kutoka pande zote za chumba, nunua yenye pembe pana, au ikwaruze kichwa kwa msasa laini mpaka kipate ukungu.

Mwisho, mwite mtu mwingine atazame. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyokwenda na huzuia sehemu ya bluu, kwa hiyo babu ataiona bluu yako kuwa dhaifu kuliko unavyoiona wewe. Wapo pia watu, wanaume wengi kuliko wanawake, ambao tangu kuzaliwa macho yao huiona nyekundu kuwa yenye giza, na kwao taa nyekundu ya hatari inaweza kufanana na iliyozimwa. Ukitengeneza kifaa cha kuonya, fanya taa ya hatari iwake na kuzimika, na uiweke mbali na ile ya kijani, ili mtu ajue kilichotokea hata kama rangi haimwambii kitu.