Kalamu Ilivyonifundisha Kulipima Neno



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaosoma masomo ya dini hapa Bujumbura tunadhani kuandika ni kunakili tuliyokwisha kuyajua. Mimi nimeona ni zaidi ya hapo. Neno la mdomoni hupita likaenda zake. Likikaa kwenye karatasi linakuuliza: umenitoa wapi?

Tuchukue mfano mmoja. Muhula uliopita niliandika kurasa chache juu ya usemi tunaousikia sana mitaani kwetu Buyenzi, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha elimu ifuatwe hata China. Nilipopanga hoja zangu, ilinibidi nitenganishe maswali matatu ambayo katika mazungumzo tunayachanganya.

La kwanza: nani kasema? Hapa tunatazama isnadi. Imam al-Bayhaqi aliona kuwa matini yake ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, aliutia katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa.

La pili: je, maana yake ni sahihi? Kuhimiza elimu, hata kwa safari, ni jambo sahihi. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, anayeshika njia kutafuta elimu amebashiriwa kurahisishiwa njia ya Peponi.

La tatu: basi tuseme nini? Hapa ndipo watu wanaporuka hatua. Mmoja husema, "Maneno ni mazuri, kwa nini mnayapinga?" Mwingine husema, "Ni uzushi, basi anayeyataja ni mpotoshaji." Wa kwanza amesahau kwamba uzuri wa maana hauthibitishi msemaji. Wa pili amehukumu nia ya mtu kwa udhaifu wa isnadi. Makosa haya mawili niliyaona waziwazi nilipoyaandika sentensi moja chini ya nyingine.

Kisha nikafuata njia ya Imam Shafii. Katika kitabu chake *al-Risala* humpa mpinzani nafasi ya kuuliza, ndipo humjibu. Nami nikamwandikia mpinzani wangu swali zito kuliko yote niliyoweza kufikiri: "Wazee wetu wameutumia usemi huu miaka mingi. Je, walikuwa waongo?" Jibu likanilazimu nifikiri upya. Anayepokeza alichosikia kwa nia njema si sawa na aliyekizua. Lakini aliyekwisha kujua ana wajibu wa kubainisha, tena kwa adabu. Hana haja ya kusimama msikitini kumkatiza mzee. Amngoje baada ya swala, amwambie, "Mzee wangu, ipo hadithi ya Imam Muslim yenye kuhimiza jambo hilohilo, na isnadi yake ni sahihi."

Jambo hili si dogo. Kumsingizia Mtume (s.a.w.) ni dhambi kubwa, na siku hizi "hadithi" zinatufikia kwenye simu hata kabla ya alfajiri. Kabla hujamtumia mwenzako, shika kalamu uandike mistari mitatu: nani kasema, maana yake ni nini, na kipi kinafuata. Ukishindwa kuujaza mstari wa kwanza, usiutume ujumbe huo mpaka umuulize mwenye kujua.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa na ulimi wenye adabu. Amin.