Mguu Uliovimba: Mganga wa Kichina Anasemaje?

Somo letu la leo ni juu ya kuvimba miguu na mikono. Hapa Unguja jambo hili tunalijua. Mtu anaamka asubuhi, kiatu hakimwingii. Mwingine mguu wake umenenepa mwaka hadi mwaka mpaka umekuwa kama kinu. Akikaa barazani huufunika kwa kikoi, watu wasiuone.

Kwa nini tuwaulize Wachina? Kwa sababu wako kwetu siku nyingi. Kikundi cha kwanza cha madaktari wa Kichina kilifika Zanzibar mwaka 1964, na tangu hapo jimbo la Jiangsu limekuwa likileta madaktari kwa zamu. Wagonjwa wamewazoea katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, pale ukingoni mwa Mji Mkongwe, hospitali iliyowahi kuitwa V. I. Lenin. Wengi wao hupasua na kutoa dawa kama madaktari wengine. Lakini Uchina ina uganga wake wa kale pia, wa mitishamba na wa sindano nyembamba za kuchoma mwilini. Huo ndio tutakaousoma.

Fikirini bonde la mpunga. Maji yanaingia, yanapita mferejini, yanatoka. Mfereji ukiziba, maji yanatuama. Wachina wa kale waliuona mwili hivyo hivyo. Walisema viungo vitatu huyaendesha maji. Wengu hupokea chakula na kinywaji na kukigeuza. Mapafu huyasambaza maji mpaka kwenye ngozi na kuyashusha chini. Figo huyapasha moto na kuyatoa. Kimoja kikilegea, maji hukosa njia na kiungo huvimba. Tena kuna nguvu ya uhai, waiitayo chi, ambayo huyasukuma maji hayo. Chi ikikwama, maji nayo hukwama.

Basi mganga huyo hauangalii mguu peke yake. Atakwambia utoe ulimi autazame. Atakushika mapigo ya mkono. Atauliza: uvimbe ulianzia wapi? Ukianza ghafla usoni na kwenye kope, huuita uvimbe wa yang. Ukianza polepole miguuni, na mgonjwa akawa mchovu, anahisi baridi, na ukibonyeza kidole shimo linabaki, huo ni wa yin. Zhang Zhongjing, daktari wa Kichina aliyeishi kiasi cha miaka 1,800 iliyopita, aliweka kanuni: uvimbe ulio juu ya kiuno mtoe mgonjwa jasho, ulio chini ya kiuno mfanye akojoe.

Kwetu haya si mageni sana. Wazee wetu nao husema baridi imemwingia mtu, na maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi. Kuumika tunakujua, na Wachina wana vikombe vyao vya kuumikia. Hata dawa zao nyingine tungezitambua. Iko dawa moja ya kale ya uvimbe inayochemshwa kwa maganda matano. Ndani yake mna ganda la tangawizi, ganda la chenza, gome la mzizi wa mforosadi na ganda la popoo. Ndiyo, popoo hii hii ya tambuu! La tano ni ganda la uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari.

Je, dawa hizi zinaponya? Hapa tuseme kweli. Baadhi ya mimea huongeza mkojo, na sindano huweza kupunguza maumivu. Lakini uvimbe ni dalili tu. Nyuma yake pengine kuna moyo mchovu, au figo, au ini, au minyoo. Kulainisha dalili bila kujua chanzo ni kupaka chokaa ukuta unaovuja.

Tena kuna mimea ya sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina wa jamii ya Aristolokia. Figo zao ziliharibika. Mimea ya jamii hiyo ilitumika Uchina kutibu uvimbe, na mwaka 2003 Uchina yenyewe ilipiga marufuku mmoja wao. Kwa hiyo ukiuziwa unga usio na jina ati ni dawa ya Kichina ya uvimbe, usiunywe.

Sasa matende. Matende huletwa na minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, maji yakakosa pa kupita. Hapo Wachina wa kale hawakukosea sana: kweli mfereji umeziba. Lakini Uchina haikushinda matende kwa maganda ya chenza. Ilitumia dawa iitwayo DEC, mahali pengine ikaichanganya katika chumvi ya kupikia, watu wakala dawa ndani ya chakula. Mwaka 2007 Uchina ilitambuliwa kuwa imeyatokomeza.

Na sisi tuna habari yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Makunduchi walipewa dawa hiyo hiyo, na vyoo vya shimo vyenye maji vikamwagiwa punje nyeupe nyepesi za plastiki, aina ile inayozuia redio mpya isivunjike sandukuni. Punje zilielea, mbu wakakosa pa kuzalia. Vijidudu katika damu za watu vikapungua sana. Kuanzia mwaka 2001 Zanzibar nzima ikagawiwa ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka.

Mguu uliokwisha kuvimba haurudi kwa dawa hizo, lakini unatunzika. Uoshe kila siku kwa sabuni na maji safi. Ukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Ukikaa au kulala, uinue. Uchezeshe kifundo. Vaa viatu. Kidonda kidogo kisidharauliwe, kwani hapo ndipo homa na maumivu huingilia, na kila homa huuzidisha uvimbe.

Lakini kuna uvimbe usiongoja sindano ya Mchina wala jani la mganga. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono, kichwa kinamuuma, macho yana kiwi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kifafa cha mimba. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, moyo wake uangaliwe. Mtoto aliyevimba miguu au uso naye asicheleweshwe. Na kama mgonjwa amekwisha kunywa dawa yoyote ya miti, ya kwetu au ya Kichina, mwambieni daktari, na mchukue na pakiti yake.