“Hii Nitaifikisha Arusha”: Ipi Kati ya Mbili?

Mtu akishindwa kesi ya kiwanja Kihonda au Mkundi, hakawii kusema: “Hii nitaifikisha Arusha.” Sawa, lakini Arusha kuna mahakama mbili za kimataifa, na watu huzichanganya mpaka haki inawaponyoka.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hii inataka uanzie chini, umalize njia zote za nyumbani hadi Mahakama ya Rufani. Hata ukizimaliza, huwezi kwenda mwenyewe: Novemba 2019 Tanzania ililiondoa tamko la mwaka 2010 lililowaruhusu raia na asasi kufungua mashauri moja kwa moja, na tangu 22 Novemba 2020 mapya hayapokelewi.

Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, katika ibara ya 7, unaitaja kanuni ya kuanzia ngazi ya chini, ila haumlazimishi mwananchi kumaliza kwanza mahakama za nchini mwake. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba. Kwa njia hiyo Baraza la Habari Tanzania na wenzake waliipinga Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na Machi 2019 wakashinda katika vifungu kadhaa.

Mtego uko kwenye muda. Una miezi miwili tu, tangu kitendo kifanyike au tangu ulipokifahamu. Asasi moja ya Kenya ilipeleka malalamiko ya mateso ya operesheni ya usalama iitwayo Okoa Maisha, Mlima Elgon, ikidai ukiukaji bado unaendelea. Ngazi ya kwanza ilikubali. Machi 2012 ngazi ya rufaa ikalitupa shauri: muda umepita. Ukali huo mimi naona umezidi, maana anayeanza nyumbani kwa nia njema ndiye anayechelewa. Lakini ndiyo sheria. Kama chombo cha serikali kimekutendea jambo unaloona linavunja Mkataba, muone wakili wiki hiyohiyo. Usisubiri hukumu ya Mahakama Kuu ndipo uanze kuhesabu.

Tena, anayeshtakiwa kule ni serikali au taasisi ya Jumuiya. Jirani aliyesogeza bikoni hapelekwi Arusha, wala ile si ngazi ya rufaa ya kesi yenu. Ya jirani yanaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linapatanisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, omba hati ya kuthibitisha hivyo kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila mapatano, unaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo.