Ukaguzi wa Nyumba ya Wazee: Maandalizi ni Kazi ya Kila Siku

Huko England, mkaguzi wa nyumba ya wazee kwa kawaida hatoi taarifa ya siku atakayokuja. Anabisha hodi asubuhi, anaonyesha kitambulisho, anasaini daftari la wageni, na kazi inaanza. Meneja anayengoja tarehe ndipo apange mafaili, huyo amekwisha kuchelewa. Makala haya yanawalenga mameneja, viongozi wa zamu na wahudumu wasomao Kiswahili wanaofanya kazi ya kutunza wazee nchini humo.

Nani anakagua, na anauliza nini

Chombo chenye mamlaka ni Care Quality Commission, maarufu kama CQC, kilichoanza kazi mwaka 2009. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina vyombo vyao. CQC huuliza maswali 5: Je, huduma ni salama? Inaleta matokeo mazuri? Inatolewa kwa utu? Inafuata mahitaji ya kila mkazi? Inaongozwa vizuri? Majibu yake huipa nyumba daraja moja kati ya manne: bora kabisa, nzuri, inahitaji kuboreshwa, au haifai. Nyumba ikishindwa vibaya, CQC inaweza kuizuia isipokee wakazi wapya, au hata kuifutia usajili.

Mambo matatu yakubaliane

Mkaguzi mzoefu hasomi karatasi peke yake. Huchagua mkazi mmoja na kumfuatilia: faili linasema nini, mhudumu anasema nini, na chumbani hali ikoje. Vitatu hivyo vikikubaliana, nyumba iko tayari.

Tuseme kuna bibi anayepaliwa anapokunywa. Mtaalamu wa kumeza ameagiza vinywaji vyake viongezwe unga wa kuvifanya vizito hadi kiwango cha 2, na agizo limo katika mpango wake wa matunzo. Mkaguzi ataenda jikoni kuangalia orodha ya ukutani. Atamwuliza mhudumu anaweka vijiko vingapi kwa kikombe, kisha atakitazama kikombe chenyewe mezani. Jikoni pakiwa pameandikwa kiwango cha 1, au mhudumu wa wakala aliyeingia zamu leo akiwa hana habari, bibi yumo hatarini na faili zuri halitamsaidia. Hata kopo la unga lina lake. Mwaka 2015 NHS England ilitoa tahadhari baada ya mkazi wa nyumba ya wazee kufariki kwa kula unga huo mkavu ulioachwa karibu naye. Kopo likae mahali wakazi wasipofikia.

Basi kila wiki, bila kutangaza, meneja achague mkazi mmoja na kumfuatilia hivyo hivyo. Tofauti yoyote iandikwe, apangwe mtu wa kuirekebisha, na tarehe iwekwe. Kumbukumbu hizo zenyewe ni ushahidi wa uongozi mzuri: zinaonyesha kwamba nyumba inajikagua kabla ya kukaguliwa.

Maeneo ya kuangaliwa kwa karibu

Dawa. Karatasi ya dawa husainiwa baada ya mkazi kumeza, kamwe si kabla. Nafasi iliyoachwa tupu haionyeshi kama dawa ilitolewa au ilisahauliwa, kwa hiyo ichunguzwe siku hiyo hiyo. Jokofu la dawa liwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na lipimwe kila siku. Dawa inayotolewa ikihitajika tu iwe na maelekezo: dalili gani, kiasi gani, na baada ya muda gani irudiwe.

Vidonda vya kulalia. Godoro la hewa huwekwa kulingana na uzito wa anayelilalia. Mkazi wa kilo 48 akilazwa juu ya godoro lililowekwa kwa kilo 90, godoro linakuwa gumu na linaweza kumdhuru badala ya kumkinga. Chati ya kumgeuza nayo ijazwe pale pale anapogeuzwa. Chati yenye saa nne kamili, saa sita kamili na saa nane kamili, mwandiko mmoja na wino mmoja, inazua shaka kwamba ilijazwa mwisho wa zamu.

Wafanyakazi. Kila faili liwe na uthibitisho wa rekodi ya jinai, barua za wadhamini, na historia kamili ya ajira yenye maelezo ya kila pengo.

Vifaa na usalama. Mashine ya kunyanyulia wakazi na mikanda yake hukaguliwa na fundi stahiki kila miezi 6. Maji ya kuogea wakazi yasizidi nyuzi 44. Kila mkazi awe na mpango wake wa kutolewa nje moto ukizuka.

Ridhaa. Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inataka kila mtu mzima achukuliwe kuwa anaweza kujiamulia, mpaka ithibitike vinginevyo. Hata jina ni uamuzi wake. Sisi humwita mzee "mama" au "bibi" kwa heshima. Kule muulize apendavyo kuitwa, na iandikwe.

Siku yenyewe

Wahudumu waendelee na kazi kama kawaida. Ukiulizwa, jibu ukweli. Majibu ya kukariri hujulikana. Usilolijua, sema utamwuliza nani au utaangalia wapi. Swali moja halikosi: ukiona mkazi ananyanyaswa, utafanya nini? Unamlinda, unatoa taarifa kwa meneja mara moja, na unaandika. Meneja mwenyewe akihusika, unakwenda kwa halmashauri au CQC. Wengi tumelelewa kutomsema mkubwa, lakini hapa kunyamaza kunamuumiza asiyeweza kujitetea. Sheria ya mwaka 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma.

Baada ya ukaguzi

CQC hutuma rasimu ya ripoti, na nyumba hupewa siku 10 za kazi kuonyesha makosa ya ukweli, kwa ushahidi. Tumieni siku hizo kusahihisha, si kulalamika. Daraja likishatolewa, sheria inataka libandikwe mahali wageni wanapoliona na lionekane pia kwenye tovuti ya nyumba.

Meneja, usingoje hodi. Kesho asubuhi chagua mkazi mmoja, soma mpango wake, zungumza na anayemhudumia, kisha nenda chumbani kwake ukamsikilize mwenyewe. Ulichokiona hakiko sawa, kirekebishe kabla ya zamu kubadilishana. Mzee huyo anastahili huduma hiyo, mkaguzi aje asije.