Kuweka Chakula Kambini Ruma

Wanachama wenzangu, kule Marekani wapiga kambi huning'iniza chakula tawini, mbali na shina, ili dubu asikifikie. Hapa kwetu dubu hakuna. Lakini Ruma, mbuga ya taifa tangu 1983 katika bonde la Lambwe, Homa Bay, ukikitundika mtini umemwandalia nyani! Nyani mchana, fisi usiku. Fisi hunusa omena kutoka mbali, na meno yake huvunja mifupa, sembuse ndoo ya plastiki. Basi omena, unga na mkate vitiwe kwenye sanduku la bati, lile lile la bweni, lifungwe kwa kufuli, likae ndani ya basi, madirisha yakiwa yamefungwa. Hemani usilale hata na ganda la ndizi. Sufuria zioshwe kabla ya giza. Nyani naye asirushiwe kitu: akishaonja, wa shule ijayo ndio watakaonyang'anywa.